Kumsaka Mzuiaji Ndani ya Jicho la Sungura

Sentensi yenyewe ni fupi. Inasema kwamba mwaka 1965 ilibainika jinsi retina ya sungura inavyotambua mwelekeo wa kitu kinachosogea: kwa uzuiaji. Basi. Nimeikuta katika vitabu vya fiziolojia, katika maelezo ya mihadhara na katika makala za kukumbuka ugunduzi huo, kila mara ikiwa na uhakika uleule, kama jalada la kesi iliyokwisha kufungwa. Lakini jalada la kesi iliyofungwa humtaja mtuhumiwa. Hili halimtaji. Linasema tu kwamba kuna aliyezuia. Nani?

Nikaamua kurudi nyuma, makala moja baada ya nyingine, hadi pale njia inapoanzia. Kabla hatujaondoka, tuliweke fumbo mezani. Usiku, taa ya bodaboda inapita mbele yako kutoka kushoto kwenda kulia. Ndani ya jicho, mwanga wake unagusa kipande kimoja cha retina, kisha kipande jirani. Bodaboda ikigeuza, mwanga unagusa jirani kwanza, kisha kile cha awali. Mwanga ni uleule na vipande ni vilevile. Kilichobadilika ni zamu tu. Seli inayopokea mwanga haijui zamu. Inajua mwanga umekuja au umeondoka. Na retina nzima ni utando wenye unene wa kama robo ya milimita. Utando mwembamba hivyo unaitunza wapi habari ya nani alitangulia?

Unyayo wa kwanza ni wa mwaka 1893. Ni kazi ya mchunguzi wa tishu wa Kihispania, mtu ambaye mwaka 1906 angepokea Tuzo ya Nobel pamoja na Mwitaliano aliyebuni, mwaka 1873, rangi ya fedha aliyoitumia Mhispania huyo. Rangi hiyo ina tabia ya ajabu: hupaka seli chache tu kati ya nyingi, lakini zile inazozipaka huzipaka nzima, hadi ncha za nyuzi zake. Mhispania huyo aliichora retina tabaka kwa tabaka. Akakutana na seli zilizomsumbua. Seli ya neva, kwa fundisho lake mwenyewe, hupokea habari kwa matawi na kuitoa kwa uzi mmoja mrefu. Hizi hazikuwa na uzi huo. Akaziita amakrini, kwa Kigiriki: zisizo na uzi mrefu. Kama hazina mdomo, zinasema na nani?

Simulizi iliyozoeleka hudai kwamba yeye aliona kila kitu na waliofuata walijaza mapengo tu. Nilikwenda kwenye michoro yenyewe nikiwa na shaka. Michoro yake maarufu ya retina inaonyesha utando uliokatwa kwa ubavu, kama mkate unaoonyesha matabaka yake. Kwa mkato wa namna hiyo, seli iliyotandazika kama mwavuli uliofunguliwa huonekana kama mstari mwembamba. Ukubwa wake haupo mbele yako, wala umbo lake. Tunachokitafuta, kama kipo, kinaweza kuwa kimejificha ndani ya mstari mmoja wa wino uliochorwa miaka mingi kabla ya swali letu kuulizwa. Ni nani angekuja kuitazama retina kutoka juu?

Nikaacha wachoraji nikawafuata wenye elektrodi. Mwaka 1938, Marekani, mtafiti mmoja alitenganisha nyuzi moja moja za neva ya jicho la chura akasikiliza mipigo ya umeme ndani yake. Akapata makundi matatu: nyuzi zinazoitikia mwanga unapowashwa na kuendelea kuwapo, nyuzi zinazoitikia unapowashwa na unapozimwa, na zile za unapozimwa tu. Mwaka 1959 kundi jingine lilionyesha kwamba nyuzi za chura hufanya zaidi ya hapo: nyingine huamka kwa kidoa cheusi kidogo kinachosogea, mfano wa mdudu. Hapa wengi huanzia hadithi ya mwelekeo. Mimi nasita. Chura alitufundisha kwamba jicho huchambua kabla ya kupeleka habari kwenye ubongo, na hilo ni jambo kubwa. Lakini hakuna mahali katika njia hiyo panapoeleza kwa nini seli moja ingeitikia kwenda kulia na kunyamaza kwenda kushoto. Je, njia ya kweli ilikuwa inapita pembeni, kwa mnyama mwingine?

Ilikuwa inapita kwa mbawakawa. Mwaka 1956, Ujerumani, watafiti wawili walichapisha majaribio ya mbawakawa aliyegandishwa mgongo ili asisogee. Miguuni walimpa tufe jepesi lililosukwa kwa mabua, lenye njia panda kila baada ya hatua chache. Mdudu alitembea bila kwenda popote. Tufe ndilo lililozunguka. Michirizi ilipopita mbele ya macho yake, wao walihesabu ni mara ngapi alichagua kushoto na mara ngapi kulia. Kutoka kwenye hesabu hizo wakajenga kanuni: ishara ya kijicho cha kwanza icheleweshwe, ikutane na ishara ya jirani, zizidishwe. Zikikutana kwa wakati mmoja, mwendo umetambuliwa. Nilipoisoma nilivutiwa na usafi wake. Lakini ona inavyofanya kazi: inasubiri ili kukubali. Je, sungura naye husubiri ili akubali, au husubiri ili akatae?

Sasa tumefika Berkeley, California, miaka ya 1963 hadi 1965. Kuna makala tatu zinazofuatana, na ya mwisho, yenye kurasa 28, ndiyo inayotajwa katika ile sentensi fupi. Niliisoma polepole, penseli mkononi. Watafiti waliingiza elektrodi kwenye retina ya sungura wakapata seli za gangilioni, zile zinazopeleka habari kwenye ubongo, zenye msimamo mkali. Doa la mwanga likienda upande mmoja, seli inatoa mipigo mfululizo. Likirudi kwa njia ileile, kimya. Nilichopenda ni kwamba hawakurukia jibu. Waliuliza kwanza kama kasoro ya lenzi ingeweza kuleta tofauti hiyo. Wakaikataa. Wakauliza kama upande mmoja wa eneo la seli ulikuwa unachelewa kuitikia kuliko mwingine. Wakaikataa hiyo pia. Ulibaki uwezekano gani?

Ulibaki wa zamu. Walitumia vipenyo viwili vyembamba vya mwanga vilivyokaa karibu karibu. Kila kipenyo kikimulikwa peke yake, seli inaitikia. Vikimulikwa kimoja baada ya kingine kwa zamu ya upande ambao seli inaupenda, mwitikio ni karibu na jumla ya viwili, wakati mwingine kuzidi kidogo. Vikimulikwa kwa zamu ya upande ambao seli inaukataa, mwitikio wa kipenyo cha pili unaporomoka. Kumbuka kwamba kipenyo hicho cha pili, kikiwa peke yake, kilikuwa kinaisisimua seli vizuri tu. Aliyetangulia amemfungia mlango anayefuata. Hapa ndipo nilipoweka penseli chini. Seli hii inapata msimamo wake kwa kuukataa upande mbaya kuliko kwa kuusifia upande mzuri. Tena jambo hilo lilitokea kokote ndani ya eneo lake, kwa umbali mdogo kama robo ya digrii, kana kwamba kizuizi kimejirudia mara nyingi chini ya paa moja. Mikono yote hiyo ya kuzuia ilikuwa ya nani?

Waandishi wa 1965 walikuwa na mtuhumiwa, na hapa ndipo vitabu hunyamaza. Walielekeza kidole kwenye seli mlalo, zile za tabaka la nje la retina zinazounganisha vipokea mwanga kwa upana. Ilikuwa dhana ya busara: walihitaji kitu kinachobeba habari kwa ubavu, na seli mlalo hubeba kwa ubavu. Walisema kwa tahadhari, na tahadhari hiyo imeandikwa. Nilifuata njia hiyo kwa muda mrefu kuliko nilivyopaswa. Kila nilipofika kwenye vipimo vya baadaye, kizuizi kilikuwa kimehama. Kilikuwa kinatua ndani zaidi, juu ya seli ya gangilioni yenyewe, mbali na tabaka la seli mlalo. Kanuni ilisimama, mtuhumiwa akaachiwa. Kwa nini basi sentensi fupi ya vitabuni inatuambia kwamba mambo yaliisha mwaka huo?

Kuna kichochoro kimoja nilikiingia kabla ya kuendelea, na sijutii. Mwaka 1967 pande zinazopendwa na seli hizo ziliwekwa kwenye ramani. Seli za kundi kuu, zinazoitikia mwanga unapowaka na unapozimika, zilijigawa katika pande nne, zikilingana na mivuto ya misuli minne iliyonyooka inayogeuza jicho. Kundi jingine, linaloitikia mwanga unapowaka tu, lilikuwa na pande tatu, zikilingana na mirija ya sikio la ndani inayotupa usawa wa mwili. Mtazame aliyekaa dirishani kwenye basi, nguzo za umeme zikipita: macho yake yanafuata nguzo, yanaruka, yanafuata nyingine, bila yeye kuyaagiza. Jicho linatulizwa na ujuzi wa mwelekeo. Lakini kama pande ni nne, je, wazuiaji ni wa aina nne, au ni mmoja mwenye mikono mingi?

Mwaka 1976 ushahidi ulikuja kutoka kwa sumu ya samaki. Wavuvi wa pwani yetu wanaijua utupa; wenzao wa Asia ya Kusini wana mmea wao tofauti, wa kutambaa, ambao mbegu zake zikisagwa na kutiwa majini huwalewesha samaki. Kutoka kwenye mbegu hizo hupatikana pikrotoksini, inayozima athari ya gaba, kemikali kuu ya kuzuia katika mfumo wa neva. Watafiti waliwapa sungura pikrotoksini, kisha wakapitisha mwanga. Seli zilizokuwa na msimamo zikaupoteza. Kulia, kushoto, juu, chini: mipigo ile ile. Hazikufa wala hazikuchoka. Ziliondolewa uwezo wa kukatazwa. Kwangu huu ndio uthibitisho wenye nguvu kuliko wote wa kipindi hicho. Hata hivyo huko ndani, kilikotua kizuizi, gaba hutumiwa na aina nyingi za seli za amakrini. Ni ipi kati yao?

Jibu lilianza kujitokeza kwa watu waliokuwa wanatafuta kitu kingine. Mwaka 1979, kwa kutumia mionzi, ilionyeshwa ni seli zipi za retina ya sungura zinazotengeneza asetilikolini, kemikali ambayo kazi yake ya kawaida ni kusisimua. Zilikuwa za amakrini, zimepangika katika safu mbili, moja kila upande wa tabaka la ndani. Miaka minne baadaye, seli hizo zilitazamwa kutoka juu, zikaonekana kwa umbo lake lote: matawi yanatoka katikati kwenda pande zote, yanagawanyika na kugawanyika tena, kama fataki inayopasuka angani. Wakaziita kwa jina la nyota inayolipuka. Mimi nitaziita seli-nyota. Ule mstari mwembamba wa wino wa 1893 ulikuwa na nyota ndani yake. Lakini nyota inayosisimua itakuwaje mzuiaji?

Mwaka 1988 pakatokea jambo ambalo wengi walikuwa wamefundishwa halipaswi kutokea. Katika seli-nyota ileile iliyobeba asetilikolini, ilikutwa gaba pia. Kemikali ya kusisimua na kemikali ya kuzuia katika nyumba moja. Mtuhumiwa sasa alikuwa na silaha. Alikuwa pia na nafasi, kwa kuwa matawi yake hukimbia bega kwa bega na matawi ya seli za gangilioni zenye msimamo. Kilichomwokoa ni umbo lake. Seli-nyota imelingana pande zote. Igeuze utakavyo, haina kulia wala kushoto. Kitu kisicho na upande kitamfundishaje mwingine upande?

Na hapo, mwaka 1997, kesi ilionekana kufungwa kwa mara ya pili, safari hii kwa kumwachia huru. Watafiti walizipaka rangi seli-nyota zilizozunguka seli moja ya gangilioni, wakaziua kwa leza, moja baada ya nyingine. Kisha wakapitisha mwanga. Msimamo wa seli ya gangilioni ulibaki palepale. Nakiri kwamba kama ningekuwa naandika makala hii mwaka huo, ningeishia hapo. Jaribio lilikuwa la moja kwa moja na la kijasiri. Nilirudi kulisoma mara tatu nikitafuta ufa. Sikupata kosa, nilipata hesabu. Seli-nyota hupandiana sana, kiasi kwamba juu ya nukta moja ya retina hupita matawi ya makumi ya seli. Ukiua wale unaowaona, wangapi wamebaki?

Miaka minne baadaye, Japani, njia nyingine ilijaribiwa, kwa panya badala ya sungura. Kwa kutumia uhandisi wa vinasaba, seli-nyota zilifanywa kuwa peke yake zenye kupokea sumu iliyofungwa kwenye kingamwili. Zikaondolewa kwa wingi. Msimamo wa mwelekeo ukatoweka, na panya wenyewe wakaacha kufuata michirizi kwa macho. Sasa nina makala mbili mezani na zinapingana. Nimeona waandishi wakiiweka ya 1997 pembeni kana kwamba haikuwahi kuwapo. Mimi siiweki. Inatuambia kwamba kuondoa baadhi hakutoshi. Ya 2001 inatuambia kwamba kuziondoa kwa wingi kunatosha. Zikisomwa pamoja zinaeleza mtandao wenye akiba kubwa. Lakini bado: je, kuondoa seli na kuona kazi imepotea kunathibitisha kwamba seli hiyo ndiyo iliyoifanya, au kwamba ilikuwa imebeba kitu kingine muhimu tu?

Mwaka 2002 ulileta makala mbili ambazo, kwa maoni yangu, ndizo zinazostahili tarehe ambayo vitabu vimeipa 1965. Ya kwanza ilitumia hadubini ya leza iliyoweza kupima kalsiamu, dalili ya tawi kuamka, ndani ya tawi moja la seli-nyota bila mwanga wa hadubini kuivuruga retina. Mwanga ulipokuwa ukitoka katikati ya seli kwenda kwenye ncha ya tawi, kalsiamu ilipanda sana. Ulipotoka kwenye ncha kuelekea katikati, ilipanda kidogo. Soma tena taratibu. Seli nzima haina upande, lakini kila tawi lina upande wake. Swali la miaka kumi na tisa, la nyota isiyo na kulia wala kushoto, lilikuwa limeulizwa kwa kipimo kisicho sahihi: tulikuwa tunaitazama seli, na anayefanya kazi ni tawi. Ncha hizo ndiko kemikali hutolewa. Zinatolewa kwa nani?

Makala ya pili ya mwaka huo ilirekodi seli mbili kwa wakati mmoja: seli-nyota hapa, seli ya gangilioni pale. Seli-nyota iliyokaa upande ambako mwendo unaokataliwa huanzia, ikisisimuliwa, iliizuia seli ya gangilioni kwa nguvu. Ile ya upande wa pili haikuizuia. Hebu turudishe bodaboda barabarani. Seli ya gangilioni inayopenda kulia inaguswa na matawi ya seli-nyota yanayoelekea kushoto. Mwanga ukienda kushoto, matawi hayo yanaamka, gaba inamwagika, mlango unafungwa kabla msisimko haujafika. Mwanga ukienda kulia, matawi hayohayo yamelala, na msisimko unapita. Swali la kichochoro cha 1967 likapata jibu: seli-nyota moja ina mikono ya pande zote, na kila mkono unawazuia watu tofauti. Ila hii ilikuwa hukumu ya umeme. Je, nyaya zenyewe ziko hivyo?

Ilibidi kusubiri mwaka 2011. Kipande cha retina ya panya, ambacho kwanza kilipimwa kikiwa hai ili kujua kila seli ya gangilioni inapenda upande upi, kilikatwa kwa kisu cha almasi ndani ya hadubini ya elektroni, vipande vyembamba kuliko nanomita 30, na kila uso uliobaki ukapigwa picha. Kisha watu wakakaa na kufuata nyuzi kwa macho, picha kwa picha. Niliiangalia michoro iliyotokana na kazi hiyo kwa muda mrefu. Matawi ya seli-nyota yanapishana na seli ya gangilioni kila upande. Fursa ya kuunganika ipo kote. Lakini sinapsi, yaani viungo vya seli kwa seli, zimejaa pale ambapo tawi linaelekea upande unaokataliwa, na ni chache kwingineko. Miaka 46 baada ya kanuni, mtuhumiwa alikuwa amepigwa picha akiwa kazini. Je, nalo tawi lilifundishwa upande na nani?

Hapa njia inagawanyika, na sitajifanya kuwa imenyooka. Mwaka 2014 ilichapishwa kazi ambayo sehemu yake ilifanywa na maelfu ya watu wa kawaida waliofuata nyuzi za retina kama mchezo wa intaneti. Ilidai kwamba karibu na katikati ya seli-nyota huungana seli za bipola, zile zinazoleta habari kutoka kwa vipokea mwanga, zinazoitikia polepole, na mbali kidogo zile za haraka. Mwanga ukitoka katikati kwenda nje, wa polepole anaanza, wa haraka anafuata, na wote wanafika pamoja. Ukirudi, wanapishana. Nilipofika hapo niliinuka kwenye kiti. Hii ni kanuni ya mbawakawa wa 1956: mmoja acheleweshwe, wakutane. Kama kazi hiyo ni sahihi, zile kanuni mbili zilizokuwa zikishindana, ya mbawakawa na ya sungura, zilikuwa zinaeleza ghorofa mbili za nyumba moja: tawi linasubiri ili likubali, na likishakubali linamkataza jirani. Je, ni sahihi?

Wapo waliopima na kukuta vinginevyo. Wengine wanatilia mkazo kwamba seli-nyota huzuiana zenyewe kwa zenyewe, nyota kwa nyota, na kwamba mzuiano huo ndio unaolinoa tawi. Mwaka 2016 panya na sungura walilinganishwa, na nyaya zao zilionekana kupangwa kwa vipimo tofauti, kana kwamba jicho kubwa na jicho dogo yanafikia matokeo yaleyale kwa hesabu tofauti. Wengine wanasema umeme ndani ya tawi lenyewe, linavyokuwa jembamba na kuzuia ishara isirudi, tayari unalipa upendeleo wa kwenda nje. Nikizipima, naona hakuna moja inayoifuta nyingine. Mwelekeo huu huenda unajengwa mara tatu, kila njia ikiziba udhaifu wa nyingine. Lakini vyovyote tawi linavyoupata upande wake, linamjuaje jirani wa kumkataza na wa kumwacha?

Hilo nalo lina unyayo wake, wa mwaka 2011, katika makala mbili zilizotoka pamoja. Panya huzaliwa macho yakiwa yamefumba, na hubaki hivyo kwa karibu wiki mbili. Katika wiki ya kwanza seli-nyota huzuia seli ya gangilioni kwa usawa kutoka kila upande. Kisha, ndani ya siku chache mwanzoni mwa wiki ya pili, uzuiaji wa upande mmoja unakua na ule wa upande mwingine unabaki ulipokuwa. Mnyama anapofumbua macho, mlango na kufuli lake viko tayari. Hajawahi kuona kitu kikisogea. Nani alimwambia kushoto ni wapi?

Nilitaka kuishia kwa panya, lakini kuna simulizi moja ya mwisho ya kupima: kwamba haya yote ni ya sungura na panya, na kwamba jamii ya nyani, pamoja nasi, huachia kazi ya mwelekeo kwa gamba la ubongo. Ilisimuliwa kwa miongo mingi, na kwa sababu: seli zenye msimamo zilikuwa hazijapatikana kwenye retina za nyani. Mwaka 2023 zikaripotiwa, chache sana miongoni mwa nyingine, za lile kundi la mwanga unapowaka tu. Uhaba wake unaeleza kwa nini elektrodi zilipita pembeni kwa muda mrefu. Ukiwa na seli moja inayotafutwa katika umati, kutoiona kunathibitisha nini?

Na tayari kulikuwa na ushahidi mwingine, kutoka kwa watu wenyewe. Wapo watoto wanaozaliwa na macho yanayochezacheza kushoto na kulia bila kutulia. Kwa baadhi yao chanzo ni hitilafu kwenye jeni inayoitwa FRMD7, iliyotambuliwa mwaka 2006. Mwaka 2016 ilionyeshwa kwamba katika retina jeni hiyo hufanya kazi ndani ya seli-nyota. Panya wasio nayo wana seli-nyota zenye afya, zenye matawi yote, zenye gaba. Wanachokosa ni upendeleo: uzuiaji wa mhimili wa mlalo unakuja sawa kutoka pande zote mbili, kama ulivyokuwa katika wiki ya kwanza ya maisha. Mweke mtu mwenye hitilafu hiyo mbele ya michirizi inayokwenda kulia, macho yake hayaifuati. Igeuze iende kushoto, hayaifuati. Iteremshe kutoka juu kwenda chini, na macho yanaifuata vizuri, yanaruka, yanafuata tena. Jeni ni moja, seli-nyota ni zilezile, na mikono yake inaelekea kila upande. Kwa nini ile ya juu na chini bado inajua nani wa kumkataza?